Juu ya Keria Kuelekea Isecheno

Miaka hiyo ya tisini boda boda ilikuwa baiskeli tu, tena baiskeli nzito nyeusi, yenye keria iliyowekwa mto wa sponji na kufunikwa kwa plastiki ya maua. Inanibidi niseme hivyo mapema kwa sababu wajukuu wangu wakisikia kwamba niliwahi kutalii msitu wa Kakamega juu ya boda boda, wananiona nimepanda pikipiki inayonguruma. Sivyo. Nilibebwa kwa nguvu za miguu ya mtu, nimekaa upande kama mwanamke mwenye heshima zake, mkoba mapajani, viatu vikining'inia karibu na tope.

Safari yenyewe haikuwa yangu. Akina mama wa kanisa la dada yangu, kule Webuye, walikuwa wamekodi basi kwenda Kisumu kupanda meli ziwani. Mmoja wao akaugua, na dada akanitumia ujumbe Lugari kwamba kuna kiti kimebaki. Mimi nikiambiwa kuna kiti na kuna kitu cha kutazama, ugali ukiwa mekoni nauepua. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba siku nikifika mbinguni nitawauliza malaika manyoya ya mabawa yao yalitoka kwa ndege gani. Nikimjibu kwamba kuuliza si ujinga, alikuwa akisema, "Kwako si kuuliza tena, ni upekuzi."

Na wiki hiyo upekuzi wangu ulikuwa na kazi. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa akishona nguo Malava kwa shangazi yake, na alikuwa ameniletea habari kwamba Jumamosi wageni watakuja kumposa. Mchumba ni wa nani? Ni mtu wa Navakholo. Anafanya kazi gani? Anafanya kazi na wageni. Wageni gani? Wageni tu, mama. Nikajitengenezea picha ya kijana wa hoteli, shati jeupe, trei mkononi. Zaidi ya hapo binti yangu alifunga mdomo, na mtoto niliyemzaa mwenyewe nikamjua: akinijibu kwa mkato, kuna kitu amekikalia.

Ningemuuliza mchumba mwenyewe, lakini kwetu hilo haliwezekani. Mama mkwe na mkwe wake hawapeani mkono. Hawali pamoja, hawaketi kiti kimoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha pembeni akaangalia majani. Siku ya posa wanaume wangekaa sebuleni na shemeji yangu, ndugu ya marehemu, na mimi ningekuwa jikoni. Mwishoni shemeji angekuja mlangoni kuniuliza neno langu, na neno hilo lingekuwa moja, ndiyo au hapana. Yaani nimtoe mtoto wangu kwa mtu ambaye sijamsikia hata akikohoa. Nilikuwa na hofu, sifichi, na hofu yangu siku zote hutoka kwa sura ya maswali.

Basi, njiani kwenda Kisumu mwenyekiti wa akina mama alikuwa amepanga tusimame tuuone msitu, kituo cha Isecheno. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na dereva alipoitazama ile barabara ya udongo alizima injini, akasema basi lake haliendi kulala huko. Wakaitwa vijana waongoza wageni, nao wakaja na baiskeli zao. Kila mama na baiskeli yake, na kila baiskeli na mwongozaji wake, ambaye angeendesha huku akieleza.

Kabla ya kuondoka tulipewa mafunzo, na mafunzo hayo nayakumbuka kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia kanisani. Ukae katikati ya keria. Ushike chuma kilicho chini ya kiti cha mbele. Baiskeli ikiinama usijaribu kuinyoosha, inama nayo. Na usiruke kamwe. Mwenyekiti wetu, mama mwenye mwili wake, alimsikiliza kijana wake mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama amekula. Kijana akasema amekula viazi. Mwenyekiti akampa mandazi mawili na kungoja ayamalize ndipo akapanda.

Wangu alikuwa kijana mrefu, sauti ya taratibu, gambuti zimejaa tope mpaka magotini. Alijitambulisha kwa jina la ubatizo ambalo Kakamega ukiliita sokoni wanageuka watu wengi, nami sikulitilia maanani. Nikapanda, tukaondoka.

Watu wa Lugari tunajua mahindi. Ukisimama mlangoni kwangu unaona mahindi mpaka macho yachoke, na miti ni ile ya mzungu aliyeondoka, imepangwa kwa mstari. Sasa ghafla nilikuwa ndani ya kijani kisicho na mstari wowote. Baridi ilinishika shingoni. Juu yetu mbega walikuwa wakiruka na zile kanzu zao nyeupe na nyeusi, na kila mmoja akitua, mvua ya jana ilitudondokea sisi.

"Hao wanashukanga chini?" nikauliza.

"Hawashukangi sana, mama. Chakula chao ni majani, na majani yako juu. Wale wanashukanga kuiba mahindi ni kima."

"Na ule mti umekumbatiwa na mwingine?"

"Ule wa ndani umekufa kitambo. Huu wa nje uliletwa na ndege kama mbegu, ukaota huko juu, ukateremsha mizizi. Ukaukaba pole pole."

Nikauliza unachukua miaka mingapi kufa. Nikauliza kama ule wa ndani hujaribu kujitetea. Nikauliza ndege gani. Akanionyesha mmoja mkubwa wa buluu, mwenye kishungi kichwani, akikimbia juu ya tawi kama kuku aliyefukuzwa jikoni, nami nikaomba tusimame nimtazame vizuri. Alisimamisha baiskeli kila nilipoomba. Huyu ana subira, nikajisemea, mke wake amepata.

Hapo ndipo tulipofika mteremko unaoshuka mtoni. Kijana akasema, "Shika vizuri, mama," nami nikashika chuma, lakini tope lilituchukua, baiskeli ikayumba kushoto, na masomo yote yakanitoka. Nilimkamata kiunoni kwa mikono miwili. Mkoba ulining'inia kwenye kiwiko. Tulifika chini tukiwa wazima, yeye akicheka kwa adabu, mimi nikimshukuru Mungu kwa sauti.

Mikono niliiacha palepale, na mdomo ukarudi kazini.

"Umeoa, mwanangu?"

"Bado, mama. Lakini Jumamosi naenda kwao na wazee."

"Kwao wapi?"

"Lugari. Kule mashamba ya wazungu wa zamani."

"Aa," nikasema. Lugari ni kubwa. "Msichana anafanya nini?"

"Fundi wa nguo. Anashonanga Malava, kwa shangazi yake. Baba yake aliaga. Mama yake yuko," akasema, akakanyaga pedali mara mbili tatu. "Huyo mama ndiye naogopa. Msichana ananiambianga mama yake ana maswali kuliko karani wa korti."

Mikono yangu ilikuwa kiunoni mwa mkwe wangu.

Nikaiondoa kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, nikashika chuma. Yeye hakujua lolote. Kwake nilikuwa mama wa kanisa la Webuye. Mila ilikuwa wazi: nishuke, nisimame pembeni, nitazame majani, na nitafute namna ya kurudi kwenye basi kwa miguu. Lakini nikiwa pale juu ya sponji, mti baada ya mti ukinipita, akili yangu ilianza kunitetea kama wakili. Ng'ombe hajatolewa. Posa haijaletwa. Mahari bado, ukwe bado. Mpaka Jumamosi mimi ni mtalii, na mtalii kazi yake ni kuuliza. Hakuna mama kwetu aliyewahi kupewa nafasi kama hii, na sikuwa nimeitafuta. Ilikuja na baiskeli.

Nikabaki.

Nikamuuliza wazazi wake. Baba alikuwa mkata miwa, mgongo ulimshinda, mama analima. Nikamuuliza pombe, akasema hanywi, kisha akasahihisha: Krismasi tu. Nikamuuliza kanisa. Nikamuuliza kwa nini msichana yule na si mwingine, akasema kwa sababu akishona nguo ikakosea haifichi, anaifumua mbele ya mwenyewe. Hilo lilinigusa, maana ni kweli, ndivyo alivyo. Mwisho nikauliza lile lililokuwa likinikereketa.

"Na yeye unamwambianga kila kitu? Hakuna kitu umeficha kwao?"

Tukapita kundi zima la vipepeo waliokuwa wakinywa maji barabarani. Kisha akaniambia. Ana mtoto, msichana mdogo, anaishi na nyanya yake Navakholo. Mama wa mtoto alirudi kwao, akaolewa kwingine. Binti yangu anajua, na anamshonea mtoto nguo. Lakini alimwambia asitaje mtoto huyo kwa wazee mpaka posa ipite, kwa sababu mama yake akisikia hatakubali.

Iliniuma. Si mtoto aliyeniuma. Watoto ni watoto. Iliniuma kwamba binti yangu, anayefumua nguo mbele ya mwenyewe, alikuwa amekata shauri kunishonea mimi juu ya kosa. Na iliniuma zaidi kwa kuwa alikuwa amenikadiria sawasawa. Ningesikia habari hiyo jikoni kwangu siku ya posa, neno langu lingekuwa hapana, na ningelisema kabla shemeji hajamaliza kuuliza.

"Mama," akasema bila kugeuka, "wewe ungekuwa huyo mama, ungetaka uambiwe?"

Niseme nini? Nikimwambia sema, atasema kwa sababu nimemwambia, na sitajua kamwe alikuwa mtu wa namna gani. Nikimwambia nyamaza, nimeshirikiana nao kunidanganya. Sijawahi kuuma ulimi kwa nguvu namna ile.

"Mimi siwezi kukujibia," nikasema. "Jiulize wewe."

Hakuuliza tena. Akanionyesha mukombero, ule mzizi wanaume wa kwetu hutafuna na kutabasamu, akaeleza unavyochimbwa, nami kwa mara ya kwanza siku hiyo sikuuliza swali. Kisumu meli niliipanda. Dada anasema ilikuwa nzuri.

Sikumwambia mtu, wala binti yangu alipokuja Ijumaa na kunizunguka jikoni akiwa na macho ya mtu mwenye homa. Jumamosi nilichinja jogoo mwenyewe. Nilihakikisha niko ndani ya jiko kabla wageni hawajaingia, na mlango nikauegesha. Sikutaka kijana anione kabla hajasema, maana akiniona atasema kwa hofu. Jiko langu lilikuwa limeungana na nyumba kwa ukuta mwembamba, kwa hiyo kila kitu nilikisikia.

Walisalimiana, waliomba, walizunguka mbuyu kama wazee wanavyojua, na mahari wakaiahirisha mpaka siku yake. Shemeji akauliza: kuna jambo lingine upande wa wageni? Mzee wa Navakholo akasema hakuna. Binti yangu, aliyekuwa akikoroga mchuzi kando yangu, aliacha kukoroga. Shemeji akaanza kusema basi tuite chakula.

Hapo nikamsikia kijana akikohoa.

"Kuna jambo, wazee," akasema. "Mimi nina mtoto."

Mwiko ulimtoka binti yangu ukaangukia majivuni. Alinitazama mimi, si ukuta. Sebuleni zikazuka sauti nyingi kwa pamoja, na punde shemeji akasukuma mlango, uso umemvimba kwa hasira. "Umesikia? Anakuja na mtoto, na walitaka kukaa kimya. Mimi nawarudisha. Sema neno lako niwarudishe."

Nilikuwa napakua. Ingokho, kuku wa wageni, kwetu ana utaratibu wake, na kila mtu anajua firigisi ni ya mwenye nyumba. Tangu mume wangu afariki, firigisi ya nyumba hii huliwa na shemeji, na alikuwa ameshaiona kwenye sufuria. Niliitoa na kijiko, nikaiweka juu ya sahani ya kijana, katikati kabisa, mahali ambapo haiwezi kufichwa na paja.

"Mpelekee," nikamwambia binti yangu. "Na mtoto aletwe, nimwone."

Shemeji aliitazama sahani mpaka ikavuka mlango. "Huna swali?" akaniuliza. Nikamwambia sina, naye akaniangalia kana kwamba nami nina homa.

Binti yangu aliuacha mlango wazi nyuma yake. Kijana alipokea sahani kwa mikono miwili, akaona firigisi, akainua kichwa kuangalia ilikotoka. Tukaonana. Nilimwona akinitambua, nikaona baiskeli nzima ikipita usoni mwake, mteremko, mto, na kila alichonijibu. Kisha akafanya anachopaswa kufanya mkwe mwenye adabu: akainamisha macho. Nami nikageuka nikatazama moto.

Ni miaka mingi sasa. Mkwe wangu ameninunulia ng'ombe wa maziwa, ameezeka paa langu, na yule mtoto wa Navakholo ndiye anayeniita nyanya kwa sauti kuliko wote. Kila wakija, mimi na baba yake tunasalimiana kila mtu upande wake wa ua, tukiuliza habari za mvua. Ningependa sana kujua alifikiri nini aliponiona jikoni, na kama njia nzima ile hakushuku hata kidogo. Lakini sasa mimi ni mama mkwe wake, na hayo siwezi kumuuliza.