Shangazi Alishuka Lamboni

Nikikata sabuni ya mche nifue, harufu yake hunirudisha kijijini Mazingara, kwenye lambo letu lenye maji ya udongo.

Wanaume walioga pale mchana kweupe. Sisi tuliokwenda kuchota tulisubiri njiani na ndoo zetu, tumeinamisha vichwa, mpaka wamalize. Hakuna aliyewasema.

Siku moja shangazi yangu alitoka kupalilia, akaoga nyuma ya kichaka kando ya lambo, amejifunga kanga. Jirani mmoja, mwanamume, akamwona mabega na mgongo. Jioni shangazi akaitwa mbele ya wazee, nami nikamfuata.

"Umetuaibisha," mzee mmoja akamwambia. "Mwanamke hujisitiri."

"Nilijisitiri, baba. Huyu aliyeniona alifuata nini kichakani?"

Hakuna hata mmoja aliyemgeukia jirani yule. Shangazi akaamriwa aombe radhi. Akaomba. Mimi nililia kwa hasira hadi nikafukuzwa.

Kesho yake adhuhuri tulikuta wanaume wanaoga kama kawaida. Shangazi akaniambia nibaki njiani, yeye akashuka moja kwa moja na ndoo yake. Nikasikia maji yakirushwarushwa na mtu akifoka, "Wewe mama, huoni watu wanaoga?"

"Naona," shangazi akajibu. "Nimekuja kuchota maji."

Akachota taratibu mpaka ndoo ikajaa, akapanda nayo kichwani.

Mpaka leo kule wakimtaja husema ni mwanamke asiye na haya. Siku ile alikuwa amevaa gauni la kufika miguuni.