Marufuku ya Abiria

Nilipopata leseni nilikuwa na miaka kumi na minane. Baba aliishika kwa ncha za vidole, akaisoma mbele na nyuma, kisha akatoa sheria yake mwenyewe. Mwaka mzima nibebe mizigo tu: nazi, mbata, magunia ya chumvi. Binadamu, hapana.

Nilikasirika mpaka nikasusa kula. Shoga yangu tuliyesoma naye chuoni alikuwa anaolewa Zinga, na nilishawaahidi wenzangu wanne kwamba nitawapeleka mimi, kwa Landrova yetu. Mji mzima wa Bagamoyo ulikuwa na habari, maana mdomo wangu haujawahi kuwa na kufuli.

Ijumaa baada ya swala nikapeleka kesi barazani, baba alikokaa na mama yake, yaani bibi yangu, wakinywa kahawa.

"Shida si wewe," baba alisema. "Shida ni abiria. Vijana wakijaa nyuma wanamtia dereva ujinga. Kimbiza! Lipite lile! Na mgeni wa usukani husikiliza."

"Sasa baba, nikibeba nazi ndiyo nitajifunza kubeba watu?"

"Utangoja mwaka."

"Harusi haingoji mwaka."

Bibi akaweka kikombe chini. Naye alikuwa kaalikwa, na kwenda harusini kwa basi hakutaka hata kusikia. "Mwanangu, mjaribu. Mimi nitakaa mbele na bakuli la kaimati mapajani, shira tele. Nitavaa kanga yangu ya sare, haijaona maji bado. Wasichana wakae nyuma, nawe kaa nao uwasikie. Shira ikinidondokea, sheria yako ibaki."

Baba alicheka, akakubali. Aliijua ile barabara na mashimo yake.

Siku ilipofika, wasichana walikaa kimya kama wako msikitini, jinsi walivyomwogopa baba aliyekaa kati yao. Mashimo niliyazunguka moja moja. Bakuli sikulitazama hata mara moja. Tulipokaribia Zinga, basi likatupita kwa honi ndefu na kutumwagia vumbi. Nyuma yangu ngumi ikagonga bodi.

"Lipite! Lipite hilo! Linatupita kama tumepanda punda!"

Ilikuwa sauti ya baba. Amesimama, kashika chuma cha turubai, kofia imeenda upande.

Mguu ulitamani kukanyaga mafuta, sisemi uongo. Lakini nilipunguza mwendo, nikaegesha pembeni, nikazima injini. Kwetu binti hamwamrishi baba yake, sembuse mbele ya watu. Nikageuka.

"Shikamoo, baba. Nakuomba ukae chini, la sivyo gari haliondoki."

Wasichana waliziba midomo kwa kanga. Baba alinitazama, akalitazama vumbi la basi likiyoyoma.

"Marahaba," akasema taratibu, akakaa. Bibi akacheka mpaka machozi, bakuli kalikumbatia kwa mikono miwili.

Zinga tulipokewa kwa vigelegele. Bibi alishuka, akajizungusha mara mbili uani ili kila mtu aione kanga yake, safi kama ilivyotoka dukani. Nilifurahi kuliko hata biharusi, na sikuona haya.

Ijumaa iliyofuata sheria ikabadilishwa. Niliruhusiwa kubeba yeyote: mashoga, wazee, hata mbuzi wa jirani. Marufuku ikabaki kwa abiria mmoja, na bibi ndiye aliyeipitisha. Mwaka mzima baba hakuruhusiwa kukaa nyuma. Alikaa mbele, pembeni yangu, na bakuli mapajani.