Namrushia Daktari

Mdogo wangu wa kike ana kifafa tangu utotoni. Mwaka juzi, jikoni kwake Mollo, kilimwangusha motoni. Majirani walikuwapo, hakuna aliyemvuta, kwani kwetu husemwa povu la mwenye kifafa likikugusa, nawe unacho. Mkono wake uliiva. Na vidonge alikuwa anameza kila siku.

Daktari wa mjini alituwekea programu kwenye simu. Humkumbusha dawa, na kifafa kikija, aliye karibu apige video na kuituma hapo hapo.

"Nataka kuona kinavyoanza," alisema. "Bila hivyo nabahatisha dawa, na moto hausubiri."

Nikajiteua mpiga picha. Nina shahada mbili. Kubonyeza kitufe nilidhani naweza.

Kilimjia gulioni Muze, tuliposhuka kununua mchele. Alinivuta shati, ishara yetu kwamba anakisikia. Nikawasha kamera. Kichwa chake kiligeukia kushoto polepole, kama mtu aliyeitwa, kisha akaenda chini. Nilimlaza ubavu kwa mkono mmoja, nikabonyeza kutuma. Watu walishafanya duara, mbali na povu. Mama muuza dagaa akaniuliza nafanya nini na simu juu ya mtu anayekufa.

"Hafi, mama. Namrushia daktari."

Kijana wa mjini hurusha picha, hurusha vocha, na hakuna anayegeuka. Lakini mtu mzima mwenye mvi, amesimama juu ya mwanamke anayetetemeka, huku mawingu yamejaa kule juu Ufipa, akisema anarusha, watu wa kwetu hawafikirii simu. Wanafikiria radi, ambayo kwetu husemwa wachawi humrushia mtu.

"Amekiri mwenyewe," mwanamume mmoja alisema, kwa utulivu kabisa. "Anarusha."

Fimbo ya kwanza ilinipata sikioni. Nikaanza kufafanua, nadhani nilitamka "teknolojia". Ya pili ilivunja miwani, na teke likanilaza kwenye magamba ya samaki. Mtu alinikanyaga vidole mpaka nikaiachia simu. Mwingine aliamua kumwokoa mdogo wangu: akamkalia kifuani na kumshindilia mwiko katikati ya meno. Nilisikia jino likikatika. Nilimng'ata aliyenishika shingo, nikatambaa, nikamsukuma yule wa mwiko, na mgongoni fimbo zikaendelea kama wanapura ulezi.

Kifafa kilimwachia chenyewe. Aliketi, akatema damu na jino, akanitazama nilivyolala.

"Kaka," alisema, "na wewe kimekuanza lini?"

Mtu akacheka. Wenye fimbo wakazishusha.

Simu ilipasuka kioo, lakini video ilikuwa imefika. Kliniki, daktari aliisimamisha kichwa kilipokuwa kinageuka, akaitazama tena na tena. Akasema dawa aliyokuwa anampa haikuwa ya kifafa cha aina hii, akaandika nyingine. Akatuonya kwamba huenda kikaja tena kabla haijakolea. Tuendelee kupiga video.

Mdogo wangu alinigeukia, mdomo bado umevimba.

"Utapiga," alisema. "Ila ukiulizwa, kaa kimya."