Ufagio Ukisubiri Ndege

Mtaa wetu wa msikitini hapa Kitale, ukitaja usafi umemtaja Mama Naim. Jina lake ni Khadijo. Anakaanga sambusa za kuuza humo humo nyumbani, na bado sindano ikianguka sakafuni utaiona ukiwa mlangoni. Mimi ni Vivian, nyumba yangu yenye saluni iko ukuta kwa ukuta na kwake, na ufagio wake umenikatiza usingizi miaka mingi. Nimemlaani kimoyomoyo mara nyingi.

Ila ana mwiko mmoja aliorithi kwa mamake: mtu wa nyumba akisafiri, hapafagiwi mpaka afike. Ukifagia, unamfagilia mbali. Zamani mwiko huo haukumsumbua. Mtu akienda Bungoma, muda si muda simu inalia, "Nimefika," na vumbi linatimuliwa.

Basi mwezi jana Naim akapata kazi ya ghala huko Guangzhou, China. Kutoka Nairobi ni karibu kilomita elfu tisa, saa kumi na moja hewani! Khadijo akapiga hesabu yake: kijana anaruka usiku, anatua kabla ya adhuhuri yetu, nafagia, napiga deki, ndipo wageni waingie. Na wageni wenyewe walikuwa wa kuogopwa. Walitoka Bungoma kumposea kijana wao Zahid binti wa Khadijo, Sumeya.

Ndege ikachelewa kuondoka Nairobi.

Adhuhuri ilipokaribia, mimi nilikuwa kwake Khadijo, nimeganda kwenye simu, nikitazama kandege kadogo kakitambaa kwenye ramani.

"Vivian, iko wapi?"

"Thailand, Mama Naim."

"Ati Thailand! Si iharakishe bana!"

Sakafu ilikuwa aibu tupu: unga, maganda ya vitunguu, makombo ya jana. Sumeya akashindwa kuvumilia, akashika ufagio.

"Mama, sebuleni tu."

"Weka chini! Ndugu yako yuko hewani!"

"Watasema sikulelewa!" Sumeya akaangua kilio. "Wataondoka na posa yao!"

Nikajitolea kufagia mimi, kwa kuwa si wa nyumba hiyo. Khadijo alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau.

Tukiwa hapo, hodi. Wazee wawili wa posa wakaingia, na nyuma yao Mama Zahid mwenyewe, Nekesa, mwanamke mrefu mwenye macho yasiyokosa kitu. Akavua viatu mlangoni kwa heshima. Hatua ya kwanza, ganda la kitunguu likamnasa unyayoni. Akalibandua polepole, akaiangalia sakafu kona hadi kona. Nilitamani ardhi inimeze, na hata si kwangu.

"Nani yuko safarini?" akauliza.

Khadijo akaonyesha juu.

"Kijana wangu. Anaenda China."

"Basi tukae, dada. Hata kwangu Bungoma hapajafagiwa. Nimewakataza watoto mpaka niwaambie tumefika." Akajipiga paja. "Wuu! Na sijawapigia!"

Tulicheka mpaka wazee wakaona haya. Posa ikasahaulika. Sote tukaiinamia simu yangu, tukiisukuma ndege kwa macho: Vietnam hiyo, bahari hiyo, twende, twende! Mama Zahid alikuwa akiomba dua kwa sauti kubwa kuliko mwenye mtoto.

Hatimaye simu ya Khadijo ikalia.

"Mama, nimefika."

Lo, vigelegele! Khadijo alilia, akacheka, akamshukuru Mungu, yote kwa pamoja. Kisha akakimbilia ufagio wake nyuma ya mlango wa jikoni. Hakuukuta. Mama Zahid alikuwa ameshajifunga leso kiunoni, na maganda yanaruka.

"Dada, wewe ni mgeni!"

"Mgeni wa nani?"

Si husemwa mgeni siku ya tatu mpe jembe? Huyu alijitwalia ufagio hata kabla ya chai. Sebuleni wazee walikuwa bado hawajatoa neno lao la posa. Sumeya hakuwangoja. Alichota maji ya deki, akamfuata mama mkwe wake.