Mwanika Masikio wa Kibaigwa

Soko la mahindi Kibaigwa, ukiulizia "Penina" watu watakukodolea macho kama umekuja kukusanya ushuru. Ulizia "Mwanika Masikio" sasa. Hata mbeba mizigo mwenye gunia mgongoni atasimama akuelekeze kibanda kwa kidevu. Na jina lenyewe hakupewa na adui. Alijipa mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya wateja waliokuwa na tonge mdomoni.

Penina ni mama lishe. Mzaliwa wa Gulwe, utoto wake wote kaumalizia kwenye mashamba ya uwele akipiga kelele kufukuza ndege. Alipoolewa Kibaigwa akafungua kibanda, na madereva wa malori wakanogewa na mlenda wake mpaka wakawa wanapita vibanda vingine kama hawavioni. Jioni anaenda kwaya. Huko alikuwa mstari wa nyuma, pembeni kabisa, pale ambapo ukikosea hakuna anayejua.

Mwaka huu Tabu, mwenye solo zote za kwaya, akajifungua mapacha wiki chache kabla ya sikukuu ya mavuno. Mwalimu Meshack, kiongozi wa kwaya, akamgeukia Penina.

"Dada, solo ni yako. Nimekurekodia wimbo mzima, nimeutupia kwenye simu. Sikiliza mpaka uuote."

"Na nikikwama?"

"Ukikwama, solo inarudi kwa Tabu na wewe unarudi kulindwa na ukuta."

Hapo bado hujaambiwa kwamba Bibi Ruthu, mama yake mzazi, alikuwa anakuja kutoka Gulwe kushuhudia. Huyu ndiye bibi ambaye tangu Penina ana meno ya utotoni amekuwa akimwambia, "Mwanangu, sauti yako ni ya kufukuzia ndege." Kwa hiyo Jumapili ile haikuwa Jumapili ya kawaida. Ilikuwa ni kesi.

Sasa, mama lishe atasikiliza wimbo saa ngapi? Mkono mmoja uko kwenye mwiko, mwingine umeshika sufuria, na sokoni madalali wanapigiana kelele. Mdogo wake, Cecilia, anasoma chuo Dodoma mjini, akamletea earphone zile zisizo na waya, mbili nyeupe ndani ya kikasha.

"Dada, haya ni masikio ya akiba. Yakiisha chaji yarudishe kwenye kikasha, yatajaa." Akakimbilia basi.

Maelezo yakaishia hapo. Mengine Penina akajiongeza.

Nyumbani kwake kuna taa ya sola. Kila asubuhi anaipandisha juu ya bati la kibanda, pembeni ya ungo anaoanikia mlenda, na jioni taa inawaka vizuri tu. Akakiangalia kikasha: kidogo, cheupe, kina kijitaa mbele. Akasema huyu ni ndugu yake taa. Akakipandisha kwenye ungo, akakifunua mdomo wazi ili jua liingie vizuri.

Na usicheke, maana ilifanya kazi. Masikio yalikuwa yanadumu tangu chapati za asubuhi mpaka wateja wa mchana wapungue. Yakizima, anayapandisha juani, akimaliza kuosha vyombo yamejaa. Penina akawa anawaambia watu jua la Kibaigwa halina mpinzani. Kumbe maskini, kikasha ndicho kilikuwa kinayajaza kwa chaji kiliyotoka nayo dukani, kinajikamua kimyakimya huku jua likipewa sifa.

Alhamisi kikakamuka chote. Penina akalaumu mawingu. Akakiacha ungoni mchana kutwa.

Joel, dereva wa lori, alikuwa anasubiri ugali alipomwona mama lishe wake amepanda juu ya stuli anapekua mlenda.

"Dada Penina, hayo maharage mbona mawili tu?"

"Siyo maharage, kaka Joel. Ni masikio yangu. Nimeyaanika toka asubuhi na hayajakauka, sijui yana nini."

Alimaanisha hayajajaa. Ulimi ukateleza kwenye mlenda. Kibanda kizima kikaacha kutafuna. Halafu mtu mmoja akapaliwa, mwingine akalala juu ya meza, na Joel akatoka nje kabisa kwenda kulilia kwenye tairi. Kabla jua halijazama jina lilikuwa limefika mpaka kwenye mizani ya malori.

Joel ana moyo lakini. Alipojifuta machozi akakigeuza kikasha. "Ona hapa chini. Hiki kitundu ni cha waya. Hiki kinakula umeme, hakili jua. Tena betri ni kama maziwa, ukiiweka juani inaharibika."

Akakichomeka kwenye lori lake, na kabla hajamaliza kula na kupiga soga na wenzake, kikasha kimejaa. Ila maziwa yalikuwa yameshaganda. Sikio la kushoto halikuamka tena. La kulia liliamka, lakini badala ya kufika mchana likawa linaishia sufuria moja ya ugali. Wenzetu wanapima betri kwa saa, Penina anapima kwa sufuria.

Akajifunza hivyohivyo. Anasonga ugali na sikio moja, linazima, analirudisha kikashani, anaimba peke yake mpaka lijae. Ubeti wa kwanza ukakaa. Wa pili ukakaa. Wa tatu ukagoma.

Jumamosi Cecilia akaja na ujanja wa chuo. "Dada, vaa sikio ndani ya kilemba. Simu nakaa nayo mimi kwenye benchi. Mkisimama tu nabonyeza, mwalimu anakuimbia sikioni, wewe unamfuatisha."

"Na chaji?"

"Nitakuwa nakuonesha kwa vidole. Vitano ni hamsini, vinne arobaini."

Mpango ulikuwa mtamu. Wakasahau kitu kimoja tu: mnada.

Sikukuu ya mavuno bila mnada haijaisha. Magunia, maboga, mbuzi, kila kilicholetwa madhabahuni kinanadiwa, na mnadishaji ni Mzee Bartolomayo, dalali wa mahindi, mtu ambaye hata salamu anaipandisha bei. Kwaya ilitakiwa iimbe kwanza. Mzee akasema hapana, tumalizie huyu jogoo.

Jogoo akanunuliwa. Aliyemnunua akamrudisha kanisani anadiwe tena, kama ilivyo desturi ya watu wenye moyo. Akanunuliwa tena. Akarudishwa tena. Penina kakaa na kilemba chake, chaji inashuka, jasho linashuka. Akamtupia Cecilia jicho. Cecilia akanyoosha vidole vinne.

"Binti wa chuo kapandisha," Mzee Bartolomayo akasema. "Nani anamzidi binti?"

Mtu akamzidi. Mnada ukanoga upya. Cecilia akatikisa kichwa kukataa, akaangalia simu, akanyoosha vitatu.

"Binti hataki kushindwa. Jamani, vijana wanampenda Mungu."

Kila akitoa taarifa ya chaji mnada unarefuka, na kila mnada ukirefuka chaji inapungua. Alipofika kidole kimoja, kile cha mwisho, mzee akagonga meza. "Jogoo wa binti. Kwaya, simameni."

Wakasimama. Cecilia akabonyeza. Ubeti wa kwanza ukapita vizuri, Mwalimu Meshack anaimba sikioni na mwingine yuleyule anatingisha mikono mbele. Wa pili ukaanza. Katikati yake, yule mwanamke anayeishi ndani ya earphone akasema kwa Kizungu chake kwamba chaji imekwisha, sikio likalia tiii, kimya.

Penina akaumalizia wa pili kwa mazoea. Akafika mlangoni pa wa tatu na hakuna mtu sikioni. Macho yakatua kwa Bibi Ruthu, benchi la mbele, kashika mkongojo. Na hapo, badala ya sauti ya Mwalimu, ikamjia yeye mwenyewe mdogo, shambani, ndege wametua kwenye uwele. Akafungua kifua.

Maneno ya ubeti wa tatu yakatoka yote. Sauti ilipanda mpaka bati likaitika. Kwaya ikamfuata kwa kuchelewa kama watu wanaoikimbilia treni, vigelegele vikaanza kwa akina mama, na Mzee Bartolomayo akanyanyuka, akamlipia Cecilia jogoo, akaja kumtunza naye Penina palepale mbele. Jogoo mkononi, solo inaendelea.

Nje, Bibi Ruthu akamshika mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nilisema sauti ya kufukuzia ndege."

"Ulisema, mama."

"Sikujua inanyamazisha hata dalali."

Solo ni yake. Tabu mwenyewe kasema aachwe anyonyeshe kwa amani. Sikio la kulia bado linakaa sufuria moja, linachajiwa kwa waya, kivulini. Kibandani kuna ubao mpya: MAMA MWANIKA MASIKIO, UGALI NA MLENDA. Jogoo hajachinjwa, anatembea tu kama mzee wa kanisa.

Haya, na wewe uliyecheka kuanzia mwanzo. Chaji ilikuzimikia wapi, na ulikuwa umeficha nini? Shusha hapo chini kwenye maoni. Ukikaa kimya tutajua yako ni mbaya kuliko ya Penina.