Mistari ya Mkaa

Bega la baba lilianza kuteguka mwaka wa 1952, siku alipokokotwa na fahali mnadani Ngaramtoni. Tangu hapo likawa halina adabu. Akivaa shati, linatoka. Akipiga chafya, linatoka. Mwaka wa tatu daktari wa misheni akampasua, akamfunga mkono kifuani wiki sita, kisha akampa kazi iliyoonekana ya kitoto: asimame karibu na ukuta, atambaze vidole kwenda juu kama buibui, kila siku kidogo. Jembe asiliguse mpaka vifike usawa wa utosi.

Mimi Aika, binti yake mkubwa, nikamchorea mistari ya mkaa ukutani. Wa juu kabisa ndio uliokuwa wa jembe.

Haraka ilikuwa ya mfereji. Kwetu huku mlimani Meru kila nyumba ilitoa mwanamume mmoja wa kuuzibua kabla ya kiangazi. Asiyetoa, zamu yake ya maji inapewa mwingine, na migomba yake itajijua. Baba hakuwa na mtoto wa kiume. Mimi nilikuwa na mabega ya kubeba mkungu mzima wa ndizi, lakini mwanamke hakuruhusiwa kutia jembe mferejini. Hasira ya jambo hilo ninayo hadi leo.

Mwezi mzima vidole viligoma usawa wa kidevu. Baba akaacha kula, akaacha hata kwenda kanisani. Basi nilipokandika ukuta upya kwa samadi na majivu, nikachora mistari mingine, chini kidogo kuliko ile ya kwanza. Kesho yake akapanda mmoja, akacheka! Wiki iliyofuata nikakandika tena.

Siku alipougusa mstari wa juu, mama aliimba. Jumatatu baba akachukua jembe, akaenda.

Saa nne haijafika wakamrudisha, mkono unaning'inia. Mzee Sumari, msimamizi wa mfereji, alikuwa mbele yao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Pole sana. Ila zamu yenu tumempa Kaanaeli."

Kaanaeli, jirani yetu, alikuwa na wavulana watano na maji ya kutosha. Daktari naye alilirudisha bega mahali pake, akasema alichoshona kimechanika na hana cha kushona tena.

Tulipobaki wawili nikapiga magoti. "Baba, ile mistari nilikuwa naishusha."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

Akatazama msumari ulio juu ya mlango. "Kofia yangu nilikuwa bado siifikii."

"Sasa mbona ulienda?"

"Ningekaa nyumbani, zamu ingeondoka vilevile. Na wewe ulikuwa umefurahi, mwanangu."

Nililia mpaka nikaona aibu. Mwezi wa kumi tuling'oa migomba ya shamba la chini, ilikuwa imekauka yote. Kofia namtungulia mimi, kila Jumapili.