Mluzi wa Kunyweshea

Nyuma ya bweni letu hapa Tabora kuna birika ambako wachungaji huleta ng'ombe kunywa asubuhi. Mchungaji hupiga mluzi mwembamba, mrefu, unaoshuka mwishoni kama maji yanayomiminwa kwenye kibuyu, na ng'ombe wote huinamisha vichwa. Wenzangu hata hawausikii, wako mbioni kugombea sabuni. Mimi nikiusikia midomo hunikauka. Kwa mdomo siwezi kusimulia kwa nini, nina haya mno. Basi acha niwaandikie.

Kwetu ni upande wa Kishapu, nchi ya pamba na vumbi. Kabla ya vita, kila pamba ilipokwisha kuuzwa, kulikuwa na mashindano ya farasi kwenye uwanja nyuma ya maghala, na baba yangu alikuwa saisi, mtunza farasi. Vita vilipokuja, wapandaji walivaa kaki wakaondoka, farasi wakafa mmoja mmoja kwa ugonjwa wa inzi wa ndorobo, na wanawake wakapanda karanga pale uwanjani. Akabaki mtoto wa farasi mmoja, jike, mali ya mzungu wa pamba ambaye watu walimwita Bwana Kofia kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Naye aliitwa vitani. Akamwachia baba yule farasi, akasema, "Nitunzie."

Tulimwita Sonda, yaani nyota, kwa lile doa jeupe usoni. Mimi na yeye tulikua pamoja. Alilala zizini na ng'ombe, akala mabua ya mtama, na nikimwibia michembe, vile viazi vilivyokaushwa, jikoni alinitafuna mpaka vidole kwa midomo yake laini yenye joto. Alijiona ng'ombe kabisa. Hata lamboni hakunywa mpaka apigiwe mluzi, na kwa kuwa kaka zangu walikuwa wakubwa wenye shughuli zao, mpigaji nilikuwa mimi. Mama hakupenda. "Kabula! Mtoto wa kike hapigi mluzi. Unaita nyoka." Kwa hiyo nilipiga kule lamboni tu, chinichini, na Sonda alikuja hata akiwa mbali, masikio yamesimama.

Vita vikaisha, Bwana Kofia akarudi. Karanga zikang'olewa, uwanja ukasawazishwa kwa majembe, watu wakasema mashindano yanafufuka. Akaja kumchukua farasi wake. Sasa, kwetu ukimtunzia mtu ng'ombe miaka yote hiyo, hata kama hamkuahidiana, mwenye mali hukutolea ndama. Ndiyo heshima. Bwana Kofia alimpa baba koti kuukuu lisilo na vifungo. Baba alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na hakulivaa hata siku moja.

Nililia mpaka baba akaniita. "Sikiliza. Bwana amesema Sonda akishinda, atabaki hapahapa, na atarudi kulala kwetu. Akishindwa, anauzwa Arusha."

"Atashinda, baba?"

"Hakuna farasi wa kumshinda huyu."

Na ni kweli hakuwapo. Mpinzani alikuwa farasi mwekundu wa Mzee Suleimani, mnunuzi wa ngozi, mnyama mwenye tumbo kama gunia la pamba.

Siku yenyewe vumbi lilinukia jasho na karanga mbichi. Watu walikuja kutoka Songwa na Samuye, wengine wamepanda miti. Baba alinishika mkono akanisimamisha karibu na mwisho wa uwanja, pembeni kabisa ya kamba. Farasi wakatoka. Nilimwona Sonda mbele, peke yake, doa lake linakuja kama taa. Baba akainama sikioni.

"Mpigie mluzi, mwanangu. Ajue upo."

"Mbele za watu, baba?"

"Leo nimekuruhusu. Piga."

Sikuwahi kutoa sauti yoyote mbele za watu, hata kujibu salamu nilijificha nyuma ya khanga ya mama. Siku ile nililowesha midomo nikapiga kwa pumzi yangu yote. Niliujua mluzi mmoja tu.

Masikio ya Sonda yakasimama. Akavunja mwendo, akaja pembeni kwangu akiinamisha kichwa, anatafuta maji mchangani. Mpandaji akamchapa, akamvuta hatamu, wapi! Yule mwekundu akapita na tumbo lake.

"Farasi wa Bwana ana kiu!" mtu alipiga kelele kutoka mtini. "Mleteeni mtungi!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimeishika pua ya Sonda, ina moto, inatetemeka. Baba akanigusa begani, akasema polepole, "Wabeja, mwanangu." Ahsante. Nilidhani ananifariji.

Sonda alipakiwa kwenye lori. Wiki hiyohiyo akaja nyumbani kwetu mtamba mweupe. Baba alisema amempata kwa bei nzuri. Nikampenda, watoto ndivyo walivyo.

Miaka ikapita, nikafaulu kuja sekondari. Ili nipate ada, baba alipeleka mnadani dume aliyezaliwa na yule mtamba, nami nikafuatana naye. Tukamkuta Mzee Suleimani, mzee sasa, kashika fimbo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ehee, ndiye huyu mpiga mluzi?" Akamgonga dume mgongoni, akacheka mpaka akakohoa. "Basi soma kwa bidii, binti. Huyu ni mjukuu wangu, mama yake nilimpa baba yako kwa mluzi ule!"

Nilimtazama baba. Alikuwa ameinama, anakagua kwato za dume ambazo hazikuwa na ubaya wowote.

Nimejaribu kumtetea baba moyoni, kwamba alidai ndama wake kwa njia iliyobaki, na kwamba koti lile lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Yote hayo nayakubali. Lakini angeweza kupiga yeye, mluzi anaujua. Alijua pia kwamba Sonda angempuuza.

Likizo iliyopita tulikuwa lamboni, mimi na yeye. Ng'ombe wamesimama tu, wanatungoja. Baba akaniambia kwa upole, kama zamani, "Wapigie, Kabula, wanywe."

Nikamwambia, "Mtoto wa kike hapigi mluzi, baba."